Kushoto kwa Nyumba ya Bosibori

Lorna alikuwa amebakiza siku mbili tu za kumtafuta mama yake. Jumatatu tingatinga lingeingia katika bustani ya maua ya Bwana Machogu, juu kidogo ya Itumbe, kuchimba mahali pa kuegesha magari. Bustani hiyo zamani ilikuwa shamba la akina Lorna, kabla baba yake hajaliuza na kaburi la mama yake likiwa ndani, jambo ambalo ukoo bado unalisema kwa sauti ya chini. Bwana Machogu hakuwa mtu mbaya. Alisema aletewe picha ya mahali penyewe, naye atapazungushia ua.

Basi Jumamosi hiyo ya Machi, mvua za kwanza zikiwa zimeamsha kila ua, Lorna alikuja na rafiki yake Millicent Akong'o, mpiga picha za harusi mjini Kisii, mwenye kamera nzuri na mdomo usiojua likizo. Lorna mwenyewe alikuja na maneno ya shangazi yake Eucabeth: "Tulimlaza kushoto kwa nyumba, kama wanawake wote." Hakuwa na kingine. Mama yake, Bosibori, alikufa akiwa na miaka ishirini na mitatu, Lorna akiwa na minne, na hakuacha hata picha moja. Sura yake ilikuwa imefutika kabisa kichwani mwa bintiye. Hilo lilimuuma Lorna kuliko hata habari za tingatinga.

Nyumba ilibomolewa siku nyingi. Kilichobaki ni jiwe la kunolea panga, lililokuwa mbele ya mlango. Lorna akasimama kando ya jiwe, akaielekea nafasi iliyokuwa nyumba, akanyoosha mkono wa kushoto. Mkono ukaangukia tuta la mayungiyungi meupe. Akafurahi hadi machozi yakamlengalenga. Nani angekataa mama yake alale chini ya maua kama yale?

"Piga haya," akasema. "Yote."

Millicent akachuchumaa, akapiga, akatazama kioo cha kamera. "Kuna mama wa shamba ameingia kwa picha," akasema. "Na jembe yake begani."

Kweli, nyuma ya mayungiyungi alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amewapa mgongo. Wakainua macho. Palikuwa na nyasi tu, na ukungu ukishuka kutoka kwenye majani chai.

Lorna akapaza sauti kumuuliza Onchiri, mlinzi wa langoni, ni nani anayelima.

"Leo Sabato, madam," Onchiri akajibu. "Hakuna mtu ya kazi hapa. Ni nyinyi wawili tu."

Millicent akapiga tena, safari hii bila mzaha. Mwanamke alikuwepo, hatua tatu mbele, akiyaacha maua. Akapiga ya tatu. Sasa zilionekana nyayo za miguu yake na pindo la sketi tu, pembeni mwa picha, upande ilikokuwa nyumba. Lorna alisogea karibu na kamera. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwamba wangeondoka.

"Anaenda wapi huyu?" Millicent akanong'ona.

"Anaingia nyumbani," Lorna akasema, na hakujua maneno hayo yalitoka wapi.

"Na wewe mbona umesimama huku nje kama mgeni?"

Millicent alikuwa akitania ili asitetemeke, maana ndivyo alivyo. Lakini Lorna aligeuka kulitazama jiwe la mlangoni. Kwao, kushoto kwa nyumba ni kushoto kwa mwenye nyumba anapotoka mlangoni asubuhi. Ni mgeni anayehesabu akiwa anakuja. Yeye, mtoto wa mlango huo, alikuwa amepima kaburi la mama yake kama mtu aliyekuja kuuza sabuni.

Akalivuka jiwe, akaingia katikati ya nyasi palipokuwa sebule, akageuka, akatoka polepole kama mtu anayetoka ndani. Mkono wake wa kushoto sasa ulielekea upande mwingine kabisa, kwenye vigingi vya Bwana Machogu, mahali ambapo tingatinga lingeanzia. Hapakuwa na maua hapo, ila magugu matupu. Lakini katikati ya magugu palikuwa na kipande cha ardhi, urefu wa mtu, kilichopaliliwa vizuri, udongo ukiwa bado mbichi na alama za jembe.

Lorna akapiga magoti. "Mama, nisamehe," akasema. "Nilipotea." Akalia kwa sauti, bila kuona haya.

"Nipige hapa," akamwambia Millicent baadaye. "Na vigingi vionekane."

Millicent akapiga mara moja. Akatazama kioo, akatazama magugu, akarudia kioo.

"Lorna," akasema mwishowe, "hujawahi kuniambia uko na mdogo wako. Mmefanana hivi. Amekuinamia, na kile kitambaa cha kijani, anacheka."

Lorna alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuwa na ndugu. Akajifuta udongo kwenye sketi, akaipokea kamera kwa mikono miwili.