Timu Isiyogeuka Nyuma

Kocha Shiundu alikuwa akiwafundisha wachezaji wake kushindwa, nao walikuwa wazito kuelewa.

"Alfani, akija mtu, mpishe."

"Nimupishe, kocha? Kama kwa harusi?"

"Kama kwa kilio."

Alfani, beki, akacheka. Miaka minne alikuwa amefundishwa kinyume chake: mwili kwanza. Shiundu, Mkenya wa Kakamega, alikuja Kisangani kucheza winga. Goti likavunjika, uhuru ukaja, akaambulia filimbi. Sasa, mwaka wa sitini na nne, waasi waliojiita Simba walikuwa wameuteka mji, na kipa wake Désiré alikuwa gerezani. Kosa lake lilikuwa kujua kupiga taipu. Kwa Simba, karani ni adui.

Komanda Wenceslas alikuwa ameeleza sharti huku akitafuna kuku.

"Bon, Papa Mukenya. Siku ya mungu tunacheza na timu yako. Tukishinda, unapata kipa wako. Lakini batu yangu iko na dawa ya kuzuia risasi. Mutu asiye na dawa akiwagusa, dawa inakufa. Na yeye anakufa."

"Komanda, kwenye mpira watu hugusana."

"Donc, fundisha."

Jumapili ikafika. Dawa iliwakataza Simba hata kugeuka nyuma, kwa hiyo mpira ukiwapita ulikuwa umekwenda. Wote kumi na mmoja, kipa pamoja, walikimbia mbele na majani vichwani mpaka wakafika ukutani. Kufungwa na timu kama hiyo kunataka kipaji. Mashabiki, walioletwa kwa bunduki, walipiga makofi kila bunduki ilipoinuliwa.

Hadi mapumziko, hakuna bao.

Kipindi cha pili komanda akaingia mwenyewe, tumbo mbele. Kila mtu akampisha. Hatua tano kutoka golini, mpira ukamtoka kidogo, na mguu wa Alfani ukaenda kabla ya kichwa chake. Ulikata mpira, kisha muundi wa komanda. Kazi safi. Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, Shiundu aliifurahia.

Komanda alikaa kwenye majani akiutazama mguu wake kama uliokojolewa. Simba wawili walimvua Alfani viatu, wakampeleka nyuma ya jukwaa. Ukasikika mlio mmoja. Mashabiki wakapiga makofi, kwa mazoea.

"Papa," komanda akasema, akijipangusa, "iko penalti. Na timu yako sasa iko kumi. Si vizuri, batu watasema tumewaonea."

Akapunga mkono. Désiré akashushwa kwenye gari la gereza, peku, vidole vimevimba kama ndizi.

"Shukuru basi. Nimekupatia mutu wako."

Shiundu akapiga magoti, akamvalisha viatu vya Alfani. Vilikuwa na joto bado.

"Kocha, nani alikuwa navyo?"

"Nenda golini, aliyekushikia atacheza beki. Mpira ukija, uache."

"Kocha, iko penalti."

"Najua. Uache upite, ndipo utoke gerezani."

Désiré akaitikia kwa kichwa. Alikuwa kijana mwenye kusikia maneno. Ni mikono yake ambayo Shiundu alikuwa ameifundisha, kila alfajiri, isisikie mtu.

Komanda akapiga. Mpira ulikuja polepole, dhaifu, moja kwa moja kifuani. Shiundu akaiona ile mikono iliyovimba ikianza kuinuka.