Sindano ya Tatu ya Emama Wubitu

Emama Wubitu, bibi wa Kihabeshi, alikuwa ameshafunga virago aondoke hospitalini. Homa ya figo ilikuwa bado inamtetemesha, na dawa ya kupitia mshipani haikuwa imefika hata nusu, lakini mikono yake, alisema, si shamba la kila mtu kuchimba.

"Mwanangu, unatafuta mshipa au kisima?" alimwuliza Sinidu, nesi mgeni wa wodi ile.

Sinidu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Sindano ya kwanza aliichoma kwenye kunjo la kiwiko cha kulia, penye mshipa mnene ambao hata kipofu angeupata, tena kwa kanula, ule mrija wa kupitishia dripu, nene ya kijani. Bibi akakunja mkono ale mkate wake wa injera, dripu ikagoma, mkono ukavimba. Ya pili akaipeleka nyuma ya kiganja cha mkono uleule, kijani tena, na mshipa ukapasuka. Haraka haraka haina baraka, na yeye alikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Tangu hapo Emama, aliyezoea kulisha wageni wa mtaa mzima, alilishwa na bintiye Tsige kama kinda la ndege. Hilo lilimuuma kuliko sindano zote.

"Mara moja tu, mama," Tsige alimsihi. "Ikishindikana, twende zetu."

Wakienda, homa itammaliza. Sinidu alilijua hilo, na aliogopa. Badala ya kushika sindano, akakaa kitandani.

"Emama, mkono upi una kazi nyingi?"

"Swali gani hilo? Wewe unakula kwa mkono upi?"

Kumbe! Mkono wa kushoto haukuguswa kwa sababu kitanda kilisukumwa ukutani, na nguzo ya dripu ikasimama kulia. Ukuta ndio uliochagua! Sinidu na Tsige wakakivuta kitanda, miguu yake ikikwaruza sakafu.

Sinidu akaukanda mkono wa kushoto kwa kitambaa cha maji moto, akaufunga mpira juu ya kiwiko. Safari hii hakutafuta kwa macho, alipapasa, mpaka kidole kikakuta mshipa ulionyooka kwenye kigasha, mbali na kiwiko na kifundo, unaobonyea na kurudi. Akasafisha, akachukua kanula nyembamba ya bluu. Kwa dawa ile ilitosha. Akavuta ngozi, akaingiza kwa mlalo. Damu ikachungulia. Akafungua mpira, akapitisha maji ya chumvi: hapakuvimba.

"Bado hujachoma?" Emama aliuliza, macho kayafumba.

"Nimeshamaliza, Emama."

Bibi akafumbua macho, akatazama matone yakidondoka. Kisha akaagiza maji ya kunawa na chakula. Mkono wa kulia, ingawa ulikuwa bado na uvimbe kidogo, ukakunja tonge la injera na mchuzi wa shiro, ukaelekea mdomoni kwa Sinidu.

"Emama, niko kazini!"

"Fungua mdomo."

Akafungua. Kwao husemwa tonge moja la kulishwa hugombanisha, matatu hupatanisha, basi akangoja mengine.

"Unangoja nini, mlafi wewe?" Emama alisema. "La pili nakupa kesho. La tatu, kesho kutwa."