Mpira wa Nyuma

Asubuhi ile Daniella alikataa kupanda baiskeli. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa tu mlangoni pa kibanda chao cha turubai, pale kambini Kanyaruchinya, akakumbatia goti la mguu wake uliokatwa, akasema, "Papa, leo siendi."

Habumugisha alikuwa amekwisha kufunga mto kwenye keria. Alimtazama mwanawe, akadhani ni uvivu wa baridi, maana ukungu wa mlima Nyiragongo ulikuwa bado umelala juu ya vibanda.

"Victoire anatungoja," alisema.

"Siendi, Papa."

Daniella alikuwa na miaka tisa. Walipokimbia kutoka kwao Kiwanja, vita vikiwafuata kwa nyuma, bomu lilianguka kando ya barabara karibu na Rugari na kipande chake kikampiga chini ya goti. Madaktari wa Goma waliokoa uhai wake, mguu ukawashinda. Tangu kidonda kilipofunga, baba yake alikuwa akimpeleka Keshero, upande wa pili wa mji, kwenye kituo wanakofundisha watu kutembea upya. Huko Victoire, mtaalamu wa mazoezi, alilinyoosha goti lile kidogo kidogo na kulitayarisha kupokea mguu wa bandia.

Habumugisha alichuchumaa mbele ya mtoto. "Victoire anakuumiza?"

"Hapana."

"Wenzako wanakucheka?"

"Hapana. Ni kinga." Alikuwa akisema baiskeli. "Tukifika kwenye lami, inatetemeka. Inatetemeka mpaka ndani ya mufupa. Tukifika kwa Victoire muguu inawaka moto, na yeye anaanza kuivuta."

Siku zote Habumugisha aliamini kwamba sehemu ngumu ya safari ni njia ya mawe ya volkano inayotoka kambini, na hapo alikuwa akishuka na kuikokota baiskeli polepole. Wakifika kwenye lami alikuwa anafurahi, anapanda, anakanyaga kwa nguvu ili wasichelewe. Kumbe huko ndiko alikokuwa akimtesa. Alikumbuka jinsi mtoto alivyokuwa akiuma kola ya sweta yake njia nzima, naye akidhani ni mchezo tu.

Siku ile hawakwenda.

Ilikuwa baiskeli ya milimani, imara kama punda. Kule Kiwanja ndiyo iliyobeba maharagwe yake kutoka shambani hadi sokoni, na mipira yake ilikuwa na meno makubwa yaliyong'ata tope hata wakati wa mvua kali. Juu ya lami meno hayo hayakuwa na cha kung'ata. Yalipiga moja moja, haraka haraka, kwa mngurumo uliosikika hata kabla baiskeli haijaonekana.

Alianza kwa kupunguza upepo. Meno yaliendelea kupiga, na walipogonga jiwe la kwanza mpira wa ndani ulibanwa ukapasuka. Akaongeza mto wa pili; Daniella akawa anateleza, nusura aanguke. Akajaribu pikipiki ya kukodi, lakini dereva aliruka kila shimo kama mtu anayekimbizwa, mtoto akafika Keshero amepauka midomo.

Victoire alilishika goti lile, akaliinua, akalishusha. Hakutabasamu.

"Papa Daniella, mumekosa siku nyingi. Angalia, linaanza kujikunja tena. Likikauka hivi, muguu wa bandia hautakaa."

"Hatutakosa tena," Habumugisha alisema.

"Mutafanyaje?"

"Sijui bado. Lakini hatutakosa."

Usiku walipolala, alimwambia mkewe kwamba anataka kuibadilisha mipira, atafute ile laini ya barabarani. Béata aliinuka akakaa.

"Ile ya meno utaitupa?"

"Nitaitoa kwa kubadilishana. Hakuna njia nyingine."

"Na tukirudi nyumbani? Kwenye tope la Kiwanja utapanda na mipira laini? Utabeba nini?" Sauti yake ilishuka. "Wewe umeisha kuamua kwamba haturudi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Mutu anayerudi shambani hauzi jembe."

Habumugisha aliijua hofu ile, maana ilikuwa yake pia. Kila kitu walichokuja nacho kilikuwa kimeuzwa au kimeharibika. Meno yale ya mpira yalikuwa bado yana udongo wa shamba lao katikati, na hakuwahi kuuosha. Hata hivyo asubuhi alimfunga mtoto kwenye keria, akaikokota baiskeli kwa miguu hadi Murara, kwa muuza vipuri mmoja aitwaye Aubin.

Duka la Aubin lilikuwa chumba chembamba, mipira imening'inia toka mlangoni hadi darini. Aubin mwenyewe alikuwa kijana mcheshi anayependa kuuza haraka.

"Ya lami? Iko!" Akashusha mpira mwembamba kama kidole gumba, unaong'aa. "Hii wanatumia wale wa mashindano. Ukiujaza upepo unakuwa kama chuma. Utaruka!"

"Mimi siruki. Nabeba mutoto."

"Jaribu kwanza."

Aubin aliufunga kwenye gurudumu la nyuma, akaujaza. Habumugisha alimpandisha Daniella, akaenda naye hadi kwenye kona ya barabara na kurudi. Baiskeli ilikuwa nyepesi ajabu. Mngurumo ulikuwa umekwisha. Alishuka na matumaini.

"Haya?"

Daniella alifikiri. "Haitetemeki. Lakini inapiga. Kila kijiwe kinanipiga."

"Kumbe huyu ndiye mununuzi," Aubin alicheka.

"Ndiye," Habumugisha alijibu. "Lete mwingine."

Mwingine ulikuwa umechakaa. Mwingine ulikuwa wa gurudumu kubwa zaidi, haukuingia. Ndipo Daniella, akiwa amekaa kwenye benchi, akaonyesha kwa kidole chini ya meza. Palikuwa na mipira miwili mipana, laini, yenye mifereji midogo tu pembeni. Habumugisha aliinama akaubonyeza mmoja. Ulikuwa mnene na laini, ukarudi polepole chini ya kidole.

"Hiyo hapana," Aubin alisema upesi. "Ni ya Bwana Harelimana. Aliagiza toka Kampala, amengoja sana. Anakuja kuichukua leo."

"Sawa. Tutamungoja."

"Papa, nimesema si ya kuuza," Aubin alisisitiza.

"Nimesikia. Nitaongea na yeye."

Walingoja mpaka jua likawa kali. Harelimana alikuja na baiskeli yake nzuri akiisukuma kwa mkono, mfanyabiashara mnene wa makamo, mwenye kofia ya plastiki kichwani. Jumapili alikuwa akiendesha na wenzake hadi Sake na kurudi kwa ajili ya afya. Alisikiliza mpaka mwisho ombi la Habumugisha la kuachiwa mpira mmoja, kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Pole sana kwa mutoto, ndugu yangu. Lakini mimi pia nina mugongo mubovu, ndiyo maana niliagiza. Na mupira mumoja nitafanyia nini? Tafuta mahali pengine."

"Nimetafuta, muzee."

"Basi ongeza mto."

Habumugisha hakusogea mlangoni. Hakukasirika, wala hakupiga magoti. Alimwambia Aubin arudishe ule mpira wa meno kwenye gurudumu la nyuma. Aubin alishangaa lakini alifanya hivyo. Kisha Habumugisha akaigeuza baiskeli kuelekea barabarani, akaushika usukani.

"Muzee, nakuomba kitu kimoja. Panda hapa nyuma, mahali mutoto anakaa. Nikufikishe kwenye kona ile tu na kurudi. Ukirudi ukisema hapana, nitaenda."

"Mimi? Kwenye keria?" Harelimana aliangua kicheko. Watu wa duka la jirani walitoka kutazama. "Nitaivunja kinga yako!"

"Imebeba magunia ya maharagwe. Panda, muzee."

Labda ni kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Labda ni kwa sababu Daniella naye alikuwa akimtazama bila kucheka. Harelimana alivua kofia, akaketi. Habumugisha alikanyaga kwa nguvu zote, jasho likimtiririka, na mzigo ule ukayumba barabarani huku mji ukipiga vigelegele. Walipokwenda, Harelimana alikuwa anacheka. Waliporudi alikuwa ameishika keria kwa mikono miwili, mashavu yakimtikisika.

Alishuka, akajishika kiuno.

"Kutoka wapi hadi wapi?" aliuliza.

"Kanyaruchinya hadi Keshero. Karibu yote ni lami."

"Kila siku?"

"Siku zote Victoire anatuita."

Harelimana alimgeukia Daniella. "Na wewe ulikuwa unanyamaza tu?"

"Nilikuwa nauma sweta," Daniella alisema.

Mzee yule aliingia dukani, akachukua mpira mmoja mpana, akamkabidhi Habumugisha. "Wa nyuma nakupa. Wa mbele sikupi, huo nitauweka kwangu, na mugongo wangu utavumilia nusu. Aubin, utaniagizia mwingine." Kisha akaongeza, kama anayejitetea, "Mbele hakai mutu."

Aubin alipokea ule mpira wa meno wa nyuma kuwa malipo ya kazi yake na ya mpira wa ndani mpya. Wa mbele ulibaki na meno yake. Aubin aliitazama baiskeli ile, mbele kidume cha milimani, nyuma laini kama kiganja, akasema inafanana na mbuzi aliyeolewa na bata. Habumugisha hakujali. Alimpandisha Daniella, wakashika lami ya mji.

Hakumuuliza kitu mpaka walipofika mbali. Aliogopa jibu.

"Papa," sauti ilitoka nyuma ya mgongo wake.

"Mm?"

"Unaweza kwenda mbio kidogo."

Béata alipoiona baiskeli jioni ile aliushika mpira wa nyuma, akapitisha kiganja juu yake, akakunja uso. "Wamekuibia! Umetoa mupira muzima, wamekupa kipara!"

"Si kipara. Ulizaliwa hivyo."

Béata alizunguka hadi mbele. Alipoyaona meno yapo palepale, na udongo mkavu wa Kiwanja katikati yake, alikaa chini kwenye jiwe. Akasema, "Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kukataa, na sasa ndiye wa kwanza kuomba: kesho mimi pia nitakuja. Nitatembea nyuma yenu."

Alikuja kweli, kesho yake na siku nyingine nyingi, akichukua njia ya mkato na kuwakuta Keshero. Hawakukosa tena. Siku ambazo milio ya silaha ilisikika kutoka upande wa Kibumba na watu kambini wakaanza kufunga virago, Habumugisha aliuliza barabara ikoje, akisikia iko wazi aliondoka. Siku ya mvua gurudumu la nyuma liliteleza kwenye tope la kambini, akajifunza kushuka mapema. Mara moja jiwe kali la volkano lilichana mpira pembeni, akaushona kwa uzi wa kushonea magunia, ukakaa.

Victoire alilipima goti, akalipima tena, na asubuhi moja akaleta mguu wenyewe ndani ya mfuko wa kitambaa. Daniella aliutazama kwa shaka, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Wakamvika. Akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia.

Hatua ya kwanza alianguka. Béata alitaka kukimbia, Victoire akamzuia kwa mkono.

"Mwache. Anajua kuinuka."

Daniella aliinuka. Alikwenda, akasimama, akakosea, akatukana kwa Kinyarwanda neno ambalo mama yake hakujua kwamba analijua, akaendelea mpaka akafika kwenye ukuta, akaugusa kwa kiganja.

Kiwanja hawajarudi. Mguu ule nao umekwisha kumbana, maana mtoto anakua, na Victoire amewaambia kwamba itabidi kutengeneza mwingine, na baada ya huo mwingine tena. Habumugisha aliposikia hivyo aliuliza tu ni siku gani waje.

Siku hiyohiyo walipotoka kituoni Daniella alikataa kupandishwa. Alisema atatembea mpaka kwenye geti. Baba yake aliikokota baiskeli kando yake, mama yake upande wa pili, na watu waliokuwa wakiingia kwa haraka wakasimama ukutani ili wampishe.