Likizo Zisizokutana

Wifi yangu sijawahi kumwamini. Ni dada wa mwanamume tuliyeachana naye, na ndiye karani wa kamati inayopanga tarehe za likizo za shule, wilaya yao na yetu. Watu wanamwita Bi Kalenda. Mimi ni mpishi wa shule ya bweni: wanafunzi wakiwepo, sitoki jikoni. Binti yangu ana miaka kumi na minne, anakaa kwa baba yake, wilaya ya pili. Shule zikifunga pamoja, anakuja kwangu. Zisipofunga pamoja, namsikia kwenye simu tu.

Mihula mitatu mfululizo ameniambia yale yale: "Mama, sisi tutafunga nyinyi mkishafungua." Mara moja sawa. Mara tatu kuna mkono wa mtu, na mtu mwenyewe namjua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne kamati ikakutana kwenye bwalo letu. Chai nikaipeleka mwenyewe, nikabaki kupangusa meza. Meza moja niliipangusa hadi mkuu wa shule akauliza kama kuna kitu kimemwagika. Nikamwambia kipo, ila bado hakijaonekana.

Bi Kalenda akavaa miwani, akasoma: wilaya zote mbili zifunge Ijumaa moja, zifungue Jumatatu moja. Hakuna aliyepinga. Nikajua hapa ninachezewa. Mbele ya watu anapatanisha, kisogoni anapindua.

Nikamngoja mlangoni. "Wifi, mara hii mtaacha hivyo hivyo, au mtabadilisha tena kama mihula iliyopita?"

"Mihula ipi, wifi? Huu mwaka wa pili tunafunga siku moja."

Akanipa karatasi za mihula yote mitatu. Mihuri niliikagua mmoja mmoja, maana mtu wa ofisi hakosi muhuri. Ilikuwa halali. Tarehe zetu nazijua kwa kichwa, na zao zilikuwa zile zile. Nikakaa kwenye benchi la wanafunzi.

Jioni nikampigia binti yangu. "Mwanangu, nimeziona tarehe. Tulikuwa tunafunga pamoja."

Akasema taratibu, bila hasira: "Mama, nikija kwako sipumziki. Baba alikuwa wapi, shangazi kasema nini, nani alipiga simu, kwa nini nimecheka. Nakupenda, lakini nachoka. Ukiniahidi hutanihoji, Ijumaa hiyo nakuja."

Machozi yalinilengalenga. Mtoto wangu alikuwa akinitaka, na alichoomba kilikuwa kidogo sana. Nilitaka kumwambia njoo, mwanangu, sitakuuliza kitu. Kweli nilitaka. Lakini maneno hayo yalikuwa yamepangwa vizuri mno kwa mtoto wa umri wake.

"Hayo," nikamwuliza, "umefundishwa na shangazi yako?"

Akakata simu.