Zamu ya Bulaimu

Baada ya swala ya alasiri, Mzee Assumani alipanda juu ya kiti cha plastiki sebuleni kwake Kasongo, akainua boksi jeupe la mtandao hadi likakaribia kugusa bati, akabaki hivyo kama mtu anayekula kiapo. Mezani, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ndani ya simu alikuwamo binti yake Chadia, aliyekuwa Kabambare, ameganda mdomo wazi na jicho moja limefumba.

"Papa, unanipata?" sauti ilifika, ingawa mdomo haukusogea.

"Nakupata nusu."

"Nusu gani?"

"Ya juu. Tumbo silioni. À vous."

Chadia akacheka, kwa kuwa baba yake hakuweza kumaliza sentensi bila maneno hayo mawili ya Kifaransa, yaani zamu yako. Halafu picha ikazimika, na taa ya boksi ikawa nyekundu.

Lakini tumbo ndilo alilotaka kuliona. Lilikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza, kwa desturi, huzaliwa nyumbani kwa mama wa anayejifungua. Faida, mke wa Assumani, aliifuata desturi hiyo wakati wa vita. Alikwenda Kabambare kwa mama yake akiwa na sanduku na jogoo, akarudi akiwa habari tu: mtoto yuko hai, mama hayuko. Mtoto huyo ndiye Chadia. Alilelewa na bibi yake hukohuko, akasoma, akawa mwalimu, akaolewa, na sasa chumba kilekile alimozaliwa kilikuwa kikifagiliwa kwa ajili yake. Assumani alitaka kumwambia aje Kasongo, kwenye hospitali kubwa. Ila kila alipokaribia neno hilo, mtandao ulikatika, na hakuwa na hakika kama jambo hilo lilimuudhi au lilimpa nafuu.

Matengenezo yalikuwa yamefanyika kwa uzito unaostahili. Boksi lilizimwa na kuwashwa, likahamishwa mbali na televisheni, likatundikwa kwenye msumari wa kalenda. Mpapai uliotia kivuli kwenye sahani ya anteni ulikatwa, ukalaumiwa hata baada ya kufa. Mbuzi aliyetafuna waya alihukumiwa kwenda kufungwa kwa jirani. Taa iliendelea kuwa nyekundu.

Ndipo akaitwa Yves, kijana wa duka la simu pale sokoni. Alipanda juu ya paa, akaweka sikio kwenye sahani, akasikiliza kama mganga anavyosikiliza kifua, akashuka akijipangusa kutu.

"Mzee, iko mufu mu rezo yako, mu hii mtandao."

"Wa zamani ao wa sasa?"

"Wa zamani. Wa sasa wanatumia data."

"Anazuia kwa ubaya?"

"Hapana, Mzee. Ni weye unamupa nafasi. Ukimaliza kusema unasema à vous. Unaachilia zamu. Na huyu iko mbele ya Chadia mu foleni."

Assumani alikaa chini. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la kazi.

Zamani, kabla minara ya simu haijaota Kasongo, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa phonie. Phonie ilikuwa redio ya kuitana toka mji hadi mji. Iliishi kwenye chumba cha mfanyabiashara mmoja, ikinywa betri ya gari, na waya wake ulinyooshwa baina ya michikichi miwili. Nje kulikuwa na benchi, na kila aliyekaa pale alisikia mambo ya kila mtu. Mwanamume aliyekataliwa uchumba kwa phonie alipewa pole toka Nyangwe hadi Kabambare kabla hajafika nyumbani. Wanawake walikuja wamejipaka manukato na kuvaa vitenge vipya ili kusema na waume wasioweza kuwaona. Mmoja akisema, mwenzake alinyamaza, haikuwezekana vingine. Ukimaliza ulisema à vous, nawe ukasubiri, na katika kule kusubiri mlisikia ngurumo ndogo ya hewa, kama mvua iangukayo kwenye migomba ya watu wengine. Assumani alikuwa hajawahi kumwambia mtu, lakini ngurumo ile aliitamani kuliko ujana wake.

Upande wa Kabambare aliyeshika phonie alikuwa Bulaimu. Hawakuwahi kuonana. Assumani alimjua kwa kikohozi, na kwa matani ya kila asubuhi: "Kasongo, Kasongo, mumeamuka, ao mungali munatafuta viatu?" Halafu, Faida akiwa Kabambare, askari wakapita, wakabeba betri za pande zote mbili, na waya wa michikichini ukaenda kuanikiwa nguo zao. Bulaimu alikufa mwaka huohuo.

"Kuna dawa?" Assumani aliuliza.

"Mumuache asungumuze amalize," alisema Yves. "Kuzima na kuwasha hakusaidii na watu wa namna hii."

Basi kesho yake, baada ya alasiri, Assumani alivaa kofia yake nzuri, akampigia Chadia, akamsalimia, akasema à vous kwa kusudi. Taa ikawa nyekundu. Majirani walikuwa wameshaleta benchi. Ngurumo ikajaa sebuleni, ikafuatwa na harufu ya maji ya betri, kisha kikohozi.

"Kasongo, Kasongo, hapa Kabambare. Mumelala sana leo."

"Kabambare, hapa Kasongo. Nakupata vizuri, Bulaimu. À vous."

"Niko na message. Nimeishika siku mingi, mukono inaniuma. Kwa Assumani. Muke wako Faida iko mu uchungu tangu jana. Mutoto amelala vibaya. Munganga wa hapa anasema afike ku hospitali ya Kasongo. Mutume gari. À vous."

Miaka yote Assumani aliamini kwamba hakuna aliyemwita.

Mtu wa phonie hajibu kwa yaliyomo moyoni. Hujibu kwa yaliyopo. "Kabambare, subiri," alisema, akavaa viatu, akaenda kutafuta gari.

Alimkuta Souleymane, mfanyabiashara, amelala chini ya gari lake, miguu nje.

"Ninaomba gari ya kwenda Kabambare. Kuko mama mwenye uchungu."

"Gari iko," ilijibu miguu. "Njia ndiyo haiko. Ile daraja ingali na ubao moja tu. Pikipiki inapita, gari hapana. Kila mwaka wakubwa wanakuja kuipima na kamba, wanarudi na kamba yao. Ni muke wa nani?"

"Wangu. Faida."

Souleymane alitoka uvunguni, akavua kofia. "Marehemu Faida?"

"Ndiyo."

"Mupe pole yangu. Lakini hata angekuwa muzima, yaya, kaka yangu, ningekujibu vilevile."

Assumani alirudi taratibu. Ngurumo ilikuwa ikimsubiri.

"Kabambare, hapa Kasongo. Gari haiwezi kupita. Daraja imevunjika. Umwambie Faida nimeitafuta mimi mwenyewe, kwa miguu. Umwambie mutoto atakuwa muzima. Ni wa kike. Atafundisha masomo. À vous."

Zilisikika hatua za mtu akienda chumba cha pili na kurudi.

"Amesikia. Anasema jina iwe Chadia. Anasema pia usivae ile kofia, inakufanya muzee. Message imefika. Terminé."

Taa ikawa ya kijani. Chadia akatokea kwenye simu, mzima mzima, wazi hata nyuzi za kitenge zikaonekana, na tumbo lake likijaza chini ya picha. Alikuwa akifuta macho kwa kiganja. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa kwenye phonie kila mtu husikia.

"Papa, iyo daraja ingali vile?"

"Ingali vile. Kuja sasa, binti yangu, pikipiki ingali inaweza kukubeba. Usingojee desturi."

"Bibi ameshafunga sanduku," alisema Chadia.

Alikuja kwa pikipiki, polepole, akilala njiani kwa watu, na kwenye ubao alivuka kwa miguu, viatu mkononi, dereva akisukuma nyuma yake na kusali kwa dini mbili. Mtoto alizaliwa Kasongo, mvulana, mwenye sauti kubwa, akapewa jina la Bulaimu ingawa familia ya mume wa Chadia ilikuwa na jina lingine tayari.

Bulaimu mwenyewe hakurudi. Wafu wengine waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kupata zamu, na benchi halikuondolewa tena. Ijumaa, baada ya swala, majirani huja na karanga. Wachache wa mle mtandaoni huuliza bei ya chumvi au habari za ndoa zilizokwisha zamani. Wengi huomba gari.

Wazima wa Kabambare nao hupiga simu, kwa shida hiyohiyo. Kwa hiyo siku hizi mtu akiomba gari, Mzee Assumani humuuliza kwanza, kwa adabu, kama angali hai. Jibu la gari halibadiliki. Ni ili ajue tu salamu ya kumpa.