Mzizi wa Wahindi na Maziwa ya Bihogo

Baba yangu aliwaahirishia wakwe zangu posa mara tatu, na mara zote sababu ilikuwa ileile: hajalala. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mara ya pili nikanuna. Mara ya tatu, kule kwao Ihanda walikuwa wameshakata mikungu minne ya ndizi na lubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshaiva kwenye mitungi, watu wanasubiri gari tu. Nilikwenda nyuma ya zizi nikaipiga teke ndoo. Ndoo haikuumia, mimi nikachechemea siku mbili.

"Mwana wangu," akasema baba, ambaye mimi namwita Tata, "mtu asiyelala hatoi binti. Anaweza kumkabidhi kwa mtu asiyefaa."

Mimi ndiye huyo binti, Katusiime. Kwetu ni Kyerwa, kwenye nyika za malisho ukielekea Murongo, mpakani na Uganda. Tata wangu, mzee Kamugisha, ni mfugaji tangu kuzaliwa. Tangu mama atutoke, miaka mitano sasa, tumebaki wawili nyumbani. Yeye anakamua, mimi naosha vyanzi, vile vyombo vya mti vya kuwekea maziwa, kisha navifukiza kwa moshi wa nyasi mpaka maziwa yenyewe yanukie. Jioni tunakaa kibarazani, tunakunywa, tunasengenya ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Majirani wako mbali.

Na huyo niliyetaka kuolewa naye ni Novath. Wazazi wake wanalima kahawa na migomba Ihanda, yeye anauza ndoo na masufuria pale Murongo. Tulijuana aliponiuzia sufuria lenye tundu. Nilirudi kumgombeza mbele ya wateja wake, nikaondoka na sufuria jipya na namba yake ya simu. Basi tangu siku hiyo mimi si mtu wa kuaminiwa. Nachemsha maji nasahau majani ya chai. Naitwa mara tatu ndipo naitika. Mtu wa namna hiyo, umwahirishie posa mara tatu!

Novath ndiye aliyeleta kopo. Alikuja nalo amelifunga kwenye koti, kopo la kijani lenye kifuniko cha dhahabu, aliloagiza kwa dereva wa lori kutoka duka la Wahindi Kampala.

"Ni unga wa mzizi, unaitwa ashwagandha," akasema, taratibu, maana alikuwa amelifanyia mazoezi jina hilo njia nzima. "Wahindi wanautumia tangu enzi na enzi. Unatuliza mawazo, unaleta usingizi, unarudisha nguvu. Jina lake maana yake ni harufu ya farasi."

"Kwa nini farasi?"

"Sijui. Lakini Katusiime, umewahi kuona farasi aliyekosa usingizi?"

Sikuwahi kumwona farasi kabisa, kwa hiyo hoja hiyo ilinishinda. Nilimpelekea Tata kopo jioni ileile, nikamsomea maelezo kwa sauti ya katekista: nusu kijiko cha chai, ndani ya maziwa ya moto, kabla ya kulala.

Tata aliligeuza kopo juu chini. Akafungua, akanusa, akapiga chafya mbili.

"Ndani ya maziwa?"

"Ndani ya maziwa, Tata."

"Mzizi."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alitazama nje, kule zizini alikosimama Bihogo, ng'ombe wetu wa rangi nyekundu iliyokolea, mwenye maziwa mengi na roho mbaya. Huyu alishampiga teke mchungaji aliyekuja kumwombea. "Sawa," akasema Tata. "Mzizi utaingia kwenye maziwa." Akachukua kopo akaliweka chini ya kitanda chake. Nilifurahi hata nikasahau kufunga mlango wa kuku.

Siku ya nne asubuhi, jua lilimkuta baba yangu kitandani. Nasema jua, si alfajiri. Ng'ombe wanalia, ndama wanalia, mimi nimesimama mlangoni nasikiliza mkoromo wake nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili nisicheke. Aliamka, akajinyoosha, akaomba ugali. Siku ya tano vivyo hivyo. Siku ya sita akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Waambie watu wa Ihanda waje Jumamosi ijayo."

Nikawa mwehu. Nilimpigia Novath, hakuna aliyeongea, tulikuwa tunacheka tu mpaka salio likaisha. Kwenye mazoezi ya kwaya nikauhubiri mzizi ule kuliko Injili. Nikawaambia unatibu usingizi, mawazo na uchovu, nikaongeza magoti, na kama kumbukumbu yangu ni nzuri nilitaja na meno. Mama Benadeta wa sauti ya kwanza akaagiza makopo mawili palepale. Na nyumbani kila kitu kilikuwa kimetulia. Hata Bihogo! Alisimama wakati wa kukamuliwa kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri, kuku amempanda mgongoni, wala hajali. Nilidhani furaha yangu imemwambukiza.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, nilikwenda zahanati kumchukulia Tata vidonge vyake vya presha. Muuguzi wetu ni dada Vero, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi. Nikamwaga habari zangu zote dirishani, za kopo, za mkoromo, za posa. Nilipoinua macho, Vero hakuwa anatabasamu.

"Tangu lini anautumia?"

"Wiki mbili kasoro."

"Pamoja na hivi vidonge?"

Nikavitazama vidonge mkononi mwangu.

"Katusiime, nisikilize. Siyo uongo mtupu. Upo utafiti unaoonyesha mzizi huo unaweza kumsaidia mwenye mawazo mengi atulie, hata apate usingizi kidogo. Lakini ni utafiti wa watu wachache kwa wiki chache, na hayo ya magoti na meno umeyatoa tumboni mwako. Tena unaweza kushusha presha. Mzee yuko kwenye vidonge vinavyoshusha presha. Ukivichanganya, anaweza kusimama ghafla akaanguka. Wengine umewasumbua ini. Mjamzito ndiyo asiuguse kabisa. Kabla ya kumpa ulimwuliza nani?"

"Nilimwuliza Novath."

"Novath anauza masufuria."

Sikumbuki kama niliaga. Nilirukia bodaboda, nikamwambia dereva akimbie, akakimbia, nikamwambia apunguze, nikamwambia tena akimbie. Njia nzima nilikuwa namwona baba yangu chali, na kopo la kijani pembeni, na mimi ndiye niliyelileta kwa haraka zangu za kuolewa. Niliomba Mungu anichukulie posa, anichukulie na Novath akitaka, aniachie mzee wangu. Hapo kwa Novath nikasita kidogo, lakini niliomba.

Tata hakuwa chali. Alikuwa amechuchumaa zizini, mzima, kopo mkononi, anachanganya unga wa mzizi na chumvi ya ng'ombe kwenye kihori. Bihogo analamba huku amefumba macho.

"Tata! Unafanya nini?"

"Nakunywa dawa," akajibu.

Nilimtazama yeye, nikamtazama Bihogo, na hapo ndipo akili iliyopotea tangu siku ya sufuria iliponirudia. Kwetu sisi wafugaji, maziwa hayachanganywi na kitu kilichochimbwa ardhini. Hata maharage huwezi kuyala siku moja na maziwa. Ng'ombe wako atavimba kiwele na chuchu zitatoa damu. Tata ni mzee wa kanisa, Utatu Mtakatifu anaukubali bila swali, lakini habari ya maharage na maziwa haina mjadala. Mimi mwenyewe nimekua hivyo. Nilimwambia mtu kama huyo akorogee mzizi kwenye maziwa, nikaamini amekubali! Mapenzi yanaziba masikio, na macho yakipata nafasi yanaziba pia.

"Karatasi inataka mzizi uwe ndani ya maziwa," akaeleza Tata, kwa subira. "Haikusema uingilie wapi. Nikampa yeye mzizi, yeye ananipa maziwa. Nusu kijiko ni cha mtu, kwa hiyo yeye nampa konzi moja ya mkono."

Nilicheka mpaka miguu ikakataa kazi. Nikakaa chini, nikagundua nimekaa kwenye samadi, nikazidi kucheka. Katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivyo kwa kutotiiwa. Kisha nikalia, nikamweleza yote aliyosema Vero, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza, akafunga kopo, akanipa.

"Na usingizi je?" nikauliza, maana wageni walikuwa kesho.

"Waache waje," akasema, bila kunitazama.

Wakaja. Baba yake Novath, mzee Elipidius, ni mtu mfupi mwenye furaha ya watu watatu. Alishuka na mitungi ya lubisi na kofia yake ya sikukuu, akasalimia hadi mbwa. Novath alikuwa nyuma yake, shati limenyooshwa vikali, ananitazama anakosa pa kuweka mikono. Nami nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Hawajamaliza hata kikombe cha kwanza, Elipidius akalipua, akianza na neno la heshima: "Waitu mzee, kijana wangu ananiambia dawa yake imekufaa sana!"

Novath akatabasamu kwa unyenyekevu wa daktari bingwa.

"Mwulizeni Bihogo," akasema Tata.

Akawasimulia. Akawasimulia bila kucheka, na kihori, na konzi, na kuku aliyepanda mgongoni. Elipidius alipiga magoti yake kwa mikono mpaka kofia ikaanguka ndani ya chombo cha ndizi. Novath alijifunika uso kwa viganja, masikio tu ndiyo yaliyoonekana. Watu waliinama, watu walijifuta machozi, na mimi nikafikiri, yameisha, sasa tunaoana.

Tata akasimama na fimbo yake.

"Nilisema mtu asiyelala hatoi binti," akaanza. Nikasema kimoyomoyo, mara ya nne, Ee Mungu, ni mara ya nne.

"Sikuwa mgonjwa," akaendelea. "Kila nikifumba macho naiona jioni. Kibaraza kiko palepale, chanzi kiko palepale, nami nakunywa maziwa peke yangu, sina wa kumwambia kwamba Bihogo leo alikuwa mjeuri. Basi usingizi unakimbia. Niliogopa. Nimemaliza."

Huyu ni mtu aliyewahi kumfukuza chui kwa fimbo na matusi. Sikuwahi kumsikia akisema ameogopa. Nililia pale mbele ya wakwe bila kutafuta hata kanga ya kujifunikia, na huku nalia nilitaka kucheka, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa hasira kama kwamba mimi ndiye niliyeitoa siri yake.

"Siku ya tatu ya kumlisha huyu ng'ombe mzizi, nikajua nitakachofanya. Ndiyo maana nililala. Binti nawapa. Na Bihogo anakwenda naye."

"Waitu, sisi kwetu ni migomba mitupu!" akasema Elipidius.

"Atakula migomba. Lakini sikilizeni vizuri." Tata aliinua kidole. "Dawa yangu yote imo ndani ya ng'ombe huyu. Nimemlisha karibu kopo zima. Je, ni haki mgonjwa kutenganishwa na dawa yake?"

Watu wakatazamana. Elipidius, Mungu ambariki, alielewa kabla yangu.

"Siyo haki hata kidogo," akajibu, sauti imetulia kwa mara ya kwanza siku ile. "Mgonjwa hufuata dawa iliko. Kitanda kipo, mzee. Ila nasikia unakoroma."

"Nakoroma sana," akasema Tata, kwa fahari.

Sasa ni mwezi wa saba niko Ihanda. Bihogo anaishi bandani kati ya migomba, anakula vipande vya mashina yake na maganda ya ndizi, amenenepa, na ameshampiga Novath teke mara mbili, kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba mzizi umeshamtoka. Kopo ninalo mimi, kabatini, halijafunguliwa tangu Ijumaa ile. Tata anajua, maana ndiye aliyenikabidhi.

Hata hivyo kila Jumamosi ya pili bodaboda inasimama mbele ya nyumba, na baba yangu anashuka na fimbo yake. Vidonge vyake anavibeba mfukoni, Vero amehakikisha. Jioni namtolea maziwa ya Bihogo kwenye chanzi nilichokifukiza, anakunywa polepole, tunamsengenya ng'ombe, na usiku nyumba nzima inatikisika kwa mkoromo. Juzi alipomaliza alijifuta mdomo, akatafakari, akasema anaonja dawa bado imo.

Nikamwambia hata mimi naona bado imo.