Wako Tu

Jumatatu saa tisa alasiri Winny Aloo aliendesha programu ya tahadhari ya mafuriko kwa mara ya kwanza, na dakika tano baadaye watu waliolowa chapachapa wakaanza kuingia ofisini. Waliaula, askari wa mlangoni, aliwaandikisha kwenye kitabu cha wageni kama kawaida, akawaonyesha mabenchi ya korido. Kisha akaenda kutafuta mopu, maana walikuwa wakichuruzika na sakafu ilikuwa imepigwa deki mchana huohuo.

Ofisi hiyo iko ghorofa ya pili, mjini Kisumu, na kazi yake ni moja tu: ziwa likikaribia kufurika, iwatumie meseji watu wote kuanzia Dunga hadi Nyamasaria wahame mapema. Programu yenyewe ilikuwa mstari mmoja, ulioandikwa na mtaalamu aliyekaa miezi mitatu akaenda zake. Aliuandika kwa lugha isiyoshika namba mojamoja. Hushika orodha nzima kwa mkupuo, kama mtu anayekunja mkeka na omena zote zilizoanikwa juu yake. Alama zake ni vijiti, vinukta na vipembe, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Winny aliajiriwa kuuelewa mstari huo. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Shida ilikuwa hii. Nyumba zilizoandikishwa zilikuwa mia mbili kumi na mbili, lakini meseji za majaribio zilitoka mia moja sabini na moja. Nyumba arobaini na moja zilimezwa humo katikati ya mstari, na programu haikulalamika hata kidogo. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa kabla ya chai ya saa nne. Hili lilinyamaza.

Winny alipotoka kwenda msalani alimkuta Anti Perez, dada ya baba yake, kwenye benchi la kwanza. Leso ilikuwa imemganda mwilini, magugumaji yamemnasa kwenye nywele, na wajukuu wamembana kila upande. Perez ndiye aliyemlea Winny tangu alipofiwa na mama.

"Anti, umekuja saa ngapi?"

"Nimekuja tu, nyathina, mwanangu. Fanya kazi yako, sisi tutangoja."

Winny alimpigia simu nyumbani kwake Dunga. Perez alipokea mara moja, na nyuma yake samaki walisikika wakikaangika.

"Niko jikoni," alisema. "Huku ni kukavu kabisa. Kwani kuna nini?"

Pale kwenye benchi, Perez wa pili alikuwa akikamua leso yake. Winny akaelewa kwamba hawa wa korido ni wale ambao meseji haitawafikia, wametangulia tu. Alirudi mezani bila kufika msalani.

Aliukatakata mstari vipande, akaanza kuujaribu upande wa kulia. Kwanza alidhani tatizo ni pa kuanzia kuhesabu, kwa sababu lugha hiyo inaweza kumwita wa kwanza moja au sifuri, kulingana na ulivyoiagiza. Akabadilisha. Matokeo yakawa yaleyale, mia moja sabini na moja, na Maryanne wa mapokezi akainua mkoba wake sakafuni usilowe.

Jumatano, watu wakiwa bado mabenchini, aliacha alama akaenda kusoma orodha yenyewe, kitu ambacho angepaswa kukifanya tangu mwanzo. Kwenye safu ya idadi ya watu, nyumba arobaini na moja hazikuwa na namba. Zilikuwa na maneno mawili: wako tu.

Winny aliyajua maneno hayo tangu utotoni. Mama wa ziwani ukimuuliza ana watoto wangapi hakutajii namba, maana walio hai hawahesabiwi kwa sauti. Atakujibu wako tu, na kila mtu pale anaelewa: wapo, ni wazima, usiulize zaidi. Mwandikishaji alikuwa wa hukuhuku, akaandika alivyoambiwa. Programu ikatafuta namba ndani ya maneno hayo, ikakosa, ikaweka sifuri. Na nyumba yenye watu sifuri haitumiwi meseji.

Aliongeza alama sita: penye maneno, soma moja. Akaendesha. Mia mbili kumi na mbili. Huko koridoni watu wakasimama, wakajipangusa, wakashukuru. Perez alichungulia mlangoni akasema, "Haya, sisi tunaenda." Mabenchi yakabaki makavu. Winny aliinamisha kichwa mezani akalia kwa furaha, na hakujali nani anamwona.

Alhamisi asubuhi Bwana Joram, mkubwa wa ofisi, alisimama nyuma ya kiti chake.

"Winny, hii mia mbili na kitu imetoka wapi?"

"Ni zile nyumba arobaini na moja, Bwana Joram. Zilikuwa zinasomwa sifuri."

"Si ni sifuri? Ripoti ilishasainiwa. Tuliandika kule chini ziwani hakuna watu. Sasa tukituma meseji kwa nyumba haina mtu, tutaulizwa tulikuwa tunatumia nani."

"Lakini watu wako."

"Wako wangapi?" Joram aliuliza kwa upole, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. "Mwenye nyumba apige simu, ataje namba kwa mdomo wake, tunamrekodi. Hiyo ndiyo njia."

Akazifuta zile alama sita mwenyewe, akaufunga mstari kwa neno la siri. Kabla hajafika mlangoni, Waliaula alikuwa ameshachukua mopu.

Jioni hiyo Winny alikwenda Dunga. Perez, yule mkavu, alimwekea ugali na samaki aina ya ngege, wajukuu wakala pembeni. Winny hakugusa chakula.

"Anti, hameni leo. Njooni kwangu Nyamasaria, huko maji huchelewa."

"Meseji ya ofisi imekuja?"

"Kwenu haitakuja."

"Basi hatutoki. Mwaka jana tulitolewa na simu ya mtu tu, kurudi tukapata mabati yameibwa. Tulikubaliana huku chini, bila meseji hakuna kuhama."

"Basi taja namba. Shika simu, sema tu mko wangapi, watakuweka."

Perez aliwatazama wale watoto.

"Mwaka ule wa sensa nilitaja," alisema. "Nikasema watano, na kidole nikaonyesha. Wiki hiyohiyo ziwa likachukua Calvince, baba yao hawa. Siwezi hesabu watu kama mbuzi tena, Winny. Usiniulize."

Winny alimshika magoti, akamsihi, akamlilia. Perez alimpangusa machozi kwa ncha ya leso, akamfungia samaki wawili kwenye gazeti aende nao.

Ijumaa mawingu yalijaa juu ya ziwa tangu asubuhi, na kufikia mchana maji yalikuwa yamepita mti wa kufungia mashua. Saa tisa Bwana Joram aliendesha mstari mwenyewe. Meseji mia moja sabini na moja, makosa hakuna. Simu ya Winny ikalia mezani: HAMA SASA. Yeye alipoandikishwa Nyamasaria alikuwa amejibu, mtu mmoja.

Alimpigia Perez. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa haipatikani.

Walipanda ngazi kwa mpangilio uleule, Perez mbele, mtoto mdogo kabisa mgongoni. Safari hii hawakuchuruzika kidogo kidogo. Maji yaliingia pamoja nao, na Maryanne akapandisha miguu juu ya kiti. Waliaula alifungua kitabu cha wageni, akalamba kidole, akatafuta ukurasa safi.

"Mko wangapi, Mama?"

Winny alikuwa amesimama mlangoni. "Sema, Anti," alisema. "Sasa sema tu."

Perez aligeuka akawatazama waliomfuata, mmoja mmoja, mpaka chini kabisa ya ngazi.

"Tuko tu," alisema.

Waliaula akaandika sifuri, akamgeuzia kitabu aweke sahihi.